Khanga yangu na mashine ya Mwajuma

Jamani, leo binti yangu kanifokea mbele ya wanaume!

Nilimpelekea ugali karakana ya reli. Mashine yake ya kuchonga vyuma inazunguka, maji meupe ya kupoozea yanatiririka, vinyuzi vya chuma vimejisokota kama nywele.

Mimi na uchafu! Nikashika ncha ya khanga nivipanguse vile vinyuzi.

"Mama, toa mkono!"

Akazima mashine. Nikanuna.

Fundi mmoja akacheka, "Mama Mwajuma, hata sisi wazee hapo tunaviondoa kwa kulabu, si kwa mkono."

Mwajuma akanionyesha khanga. Pindo limekatwa kama kwa wembe.

Nimechoka, ndugu zangu. Kila asubuhi mimi ndiye namwambia ajiangalie kazini.

Mngemjibu nini?

Mimi nilisema tu, "Kula mwanangu, ugali unapoa."