Muhuri wa Bamia Iliyokomaa

Siku ile, mwanangu, huijia kumbukumbu yangu kila nisikiapo kisu kikipasua kiazi kibichi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, mwalimu mpya wa shule ndogo ya chekechea pale Kisugu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mwalimu hodari hutengeneza zana zake kwa vitu vilivyomzunguka. Basi nikapita soko la Nateete, nilikokuwa nikiishi, nikanunua viazi na fungu la bamia changa, ili watoto wachape maua kwenye kadi za wazazi wao.

Kazi yenyewe ni tamu, sitakuficha. Unapasua kiazi katikati, unachonga umbo hadi lisimame, unalikausha kwa kitambaa ili rangi ishike, kisha unabonyeza bila kuburuta. Bamia haihitaji hata kuchongwa. Ikate tu, nayo hukupa ua la petali tano.

Tulipomaliza kuchapa, tulipokuwa tukifagia, niliona mfuko wa sare ya Sauda, mtoto wa miaka sita, umevimba, na rangi nyekundu ikipenya kitambaa. Mkono wake ulikuwa humo ndani, nami nikautoa mbele ya wenzake. Ulikuwa umeshika vipande viwili vya kiazi.

“Kumbe tuna mwizi humu,” nikasema.

Wenzake wakadaka papo hapo: “Sauda mwizi wa viazi, Sauda tumbo la viazi.” Wimbo wa namna hiyo, mwanangu, hakuna anayewafundisha watoto. Sauda hakulia. Alitazama viatu vyake tu. Kesho yake hakuja shuleni, wala keshokutwa.

Siku ya tatu Bibi Halima, mama mzee wa Kinubi aliyetupikia uji, aliniita jikoni.

“Binti yangu, ulimwuliza alikuwa akivipeleka wapi?”

“Sikumwuliza, Bibi.”

“Alikuwa akimpelekea mama yake. Kwao huinjika chungu mara moja kwa siku. Wewe umechovya chakula katika rangi mbele ya macho yake, halafu aliyekiokota ndiye mwizi?” Akakoroga uji wake kidogo. “Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kingekuwa chako. Ulimi wako umemwumiza mwingine.”

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba chai na masomo.

Akanifungulia kikapu chake. Mlikuwa na bamia alizoziacha mtini kwa ajili ya mbegu, zikakomaa hadi zikawa ngumu kama kuni, pamoja na kitako cha kabichi, kile kinachotupwa.

“Chapeni kwa hizi. Lakini mbegu zangu unirudishie. Au chuoni mlifundishwa kuchapa na mbegu pia?”

Jioni hiyo nilikwenda kwao Sauda. Nilimwomba radhi yeye kwanza, kisha mama yake. Asubuhi, Sauda aliporudi, niliomba radhi tena mbele ya darasa zima, kwa kuwa aibu niliyoitangaza hadharani nisingeweza kuifuta kwa kunong'ona. Sauda aliishika ile bamia ngumu niliyoikata, akaigongagonga mezani.

“Mwalimu, hii hata Bibi Halima hawezi kuipika?”

“Hata yeye hawezi.”

Ndipo akaichovya, akabonyeza. Ua lake lilikuwa limepinda upande mmoja. Akalitazama, akachapa la pili.

Mwanangu unayekwenda kufundisha, nakuusia haya. Usikifanye mchezo kile ambacho mtoto aliye mbele yako anakiona kuwa chakula. Jikoni hapakosi kitako, ganda wala bamia iliyopitwa na wakati. Na kabla hujampa mtoto jina, mwulize. Swali halina gharama, lakini jina baya humfuata mtu hadi nyumbani kwao.

Mwenyezi Mungu akujaalie mkono mwepesi wa kufundisha na ulimi mzito wa kulaumu, na kila mtoto aliyeketi mbele yako leo, kesho atamani kurudi.