Raba Alizozikwa Nazo

Ndugu yangu mdogo alikuwa ananusa viatu. Mgeni akimwona pale soko la Ngara ameingiza pua yote ndani ya raba, alidhani ana wazimu, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watu wa Kileleshwa na Kitisuru wenye pesa lakini wasiojua viatu walikuwa wanamchukua mjini kabla ya kununua, awaambie kama raba ni orijino au ni feki, kisha wanampa kitu kidogo. Akisema feki, wauzaji wanamtukana mpaka nyanya yetu aliye kaburini. Yeye alicheka tu akaenda duka la pili.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo Kileleshwa, na jioni akipitia kwangu kunywa chai alinifundisha bila kuulizwa. Orijino ina harufu iliyotulia, feki inakurukia na gundi mpaka macho yanawasha. Soma kitambaa kilichoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu, ulinganishe nambari zake na za kwenye boksi. Kunja soli, ikibaki na makunyanzi, rudisha. Pitisha kidole kwenye mshono polepole kama mtu anayetafuta chawa. Na ukikuta kosa moja usikimbilie kuhukumu, kwa sababu hata mashine nzuri huruka uzi siku moja moja.

"Siste, kosa la orijino ni yatima," aliniambia. "Kosa la feki lina ndugu."

Maana yake ilikuwa kwamba viatu vya feki hutengenezwa vingi kwa mkono ule ule mbaya, kwa hiyo kosa ulilolikuta kwenye kimoja utalikuta kwenye vyote. Nilimwambia anisaidie kuchambua nywele za wateja badala ya kunihubiria. Lakini nilisikia, na neno lilikaa.

Mwenyewe alivaa ndara. Mfinyanzi hulia gaeni, na huyu wetu alikula gaeni miaka yote. Kila orijino aliyoipata aliiuza. Alikuwa anangoja raba za aina moja tu, nyeupe zenye kisigino cha kijani, ambazo picha yake aliitembeza kwenye simu kama picha ya mchumba. Krismasi moja, mbele ya Mama, nilimuuliza kwa nini asinunue za kuigiza, nani atajua. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia ale sabuni.

"Heri nitembee miguu mitupu kuliko nivae feki," akasema. Tulicheka, Mama akacheka kuliko sote, na tangu siku hiyo nikamwita Mheshimiwa wa Ndara.

Homa ya mapafu ilimchukua kabla hajazipata. Nalisema haraka kwa sababu sijui kulisema polepole.

Mama anaishi Wangige, kwenye kipande cha shamba tulikozaliwa, na huko ndiko tulikomzika. Wazee wa ukoo walisema maiti haivalishwi viatu. Mama akasema huyu atavaa, tena zile zile alizokuwa anazitaka, na anayebisha akazike wake. Basi nikatumwa mjini mbio mbio, maana nguo zilitakiwa mochari kesho yake asubuhi. Nilizunguka vijiduka vya katikati ya mji mpaka miguu ikaniuma, nikazipata kwenye ghorofa ya juu ya jengo moja, pea moja tu, saizi yake.

Nilinusa, nikakunja, nikalinganisha nambari. Machozi yalikuwa yananitoka, na sijui pua iliyojaa machozi inanusa nini. Kidole changu kikasimama kwenye kiatu cha kushoto, upande wa ndani wa kisigino. Uzi ulikuwa umeruka tundu moja, na chini yake palikuwa na tone la gundi lililokauka, dogo kama punje ya mtama. Nikasita. Lakini pea ni moja na kosa ni moja. Yatima, nikajiambia, nikalipa.

Siku ya mazishi jeneza lilifunguliwa nusu ya juu tu, kama kawaida. Tuliona uso na kifua. Miguu hakuna aliyeiona.

Haukupita muda Mama akaanza kumwota. Ndoto ilikuwa ile ile kila mara. Anakuja mpaka mlango wa jikoni, anajifuta miguu kwenye gunia tunalofutia tope, anajifuta na kujifuta lakini haingii. Na miguu yake haina kitu, ina udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Mama akimwambia ingia, anaangalia chini tu kama mtu aliyeaibika.

Mimi si mtu wa mizimu. Nilimwambia ni uchovu, nikamwambia apunguze chai ya usiku. Nilipolala kwake wikendi moja niliamka nikakuta udongo mwekundu umekauka juu ya lile gunia, na mvua haikuwa imenyesha. Nikasema ni kuku. Mama alianza kumwekea ndara zake za zamani nje ya mlango kila jioni, vidole vikiangalia ndani, na asubuhi zilikuwa zimegeuka zikiangalia nje. Nikasema ni kuku tena. Mama akaniuliza ni kuku gani mwenye adabu ya kupanga ndara sambamba.

Kisha akaja na lake. Alisema watu wa mochari walimvua mtoto wake raba wakaziuza, na hatatulia mpaka kaburi lifunguliwe amwone miguu. Mchungaji alikataa, mjomba akakataa kwa kelele. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimkuta ameketi kando ya kaburi na jembe mapajani. Hakuwa amechimba. Alisema anangoja apate nguvu. Mwili wake ulikuwa umeisha, alikuwa amebaki macho, na nilijua kwamba akianza kuchimba, nitakuwa nimewapoteza wote wawili. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kifo chenyewe.

Wiki ile ile nilienda Ngara kununua nywele za kusuka. Nikipita kwenye viatu niliziona, nyeupe, kisigino cha kijani, zimewekwa mbele peke yake. Sikutaka kuzigusa. Mkono ukaenda wenyewe, ukachukua cha kushoto, kidole kikateremka mpaka upande wa ndani wa kisigino. Uzi umeruka tundu moja. Chini yake tone la gundi, punje ya mtama. Nikatazama saizi, na ilikuwa yake.

Nilizileta puani, na safari hii hapakuwa na machozi. Zilinuka gundi, na ndani ya gundi nikadhani nanusa ile dawa ya mochari. Labda nilitaka kuinusa. Muuzaji, mwanamume wa makamo, alinikaribisha, akasema kuangalia ni bure.

Nilisimama pale nikipiga hesabu mbaya. Kama kosa hili ni yatima, basi raba hizi ni zile zile nilizonunua mimi, zimevuliwa miguuni mwa ndugu yangu, na Mama anasema kweli, na jembe litafanya kazi. Kama kosa lina ndugu, basi hizi ni nyingine, na nilimzika na feki, lakini alizikwa amevaa. Hakukuwa na njia ya tatu. Nikamwomba muuzaji aniletee pea nyingine, saizi yoyote. Akasema ziko stoo, nimngoje.

Alipokuwa ameenda niliomba Mungu. Mimi, niliyebishania bei mpaka sauti ikakauka kisha nikalipa bei ya orijino, nilisema: Bwana, naomba iwe nilitapeliwa.

Alirudi na maboksi matatu. Nilifungua la kwanza, la pili, la tatu, nikitoa cha kushoto tu. Uzi umeruka. Uzi umeruka. Uzi umeruka, na tone la gundi mahali pale pale kwenye kila kimoja. Nililia hadharani kwa furaha. Muuzaji alikuwa bado anaapa kwamba ni orijino kabisa, nami nikamshika mkono nikamshukuru kwa moyo wangu wote. Hadi leo sidhani ameelewa.

Sikurudi saluni. Nilienda moja kwa moja Wangige, nikamkuta Mama nje anachambua maharagwe, jembe limeegemea ukuta karibu naye. Nikamwambia nina hakika, hakuna aliyemvua mtoto wake kitu, amelala na raba zake miguuni. Alifunika uso kwa leso. Kisha akainuka mwenyewe, akachukua jembe, akalirudisha kwenye kibanda cha ng'ombe. Aliporudi kwenye maharagwe yake aliniomba chai, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliniomba na mkate.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza kwa mbwembwe. Nikamweleza mshono, tone la gundi, maboksi matatu, nikamweleza yatima na ndugu jinsi nilivyofundishwa. Nilikuwa naongea haraka, nimefurahi kama mtoto aliyeshinda mtihani, mpaka nikafika kwenye neno lenyewe, nikajisikia nikilitamka.

Mikono ya Mama ilisimama ndani ya maharagwe. "Zilikuwa feki?"

"Ndiyo, Mama."

Hakunilaumu. Aligeuka akatazama lile gunia la mlangoni, akalitazama kama mtu anayekumbuka neno lililosemwa mbele yake Krismasi moja, na mimi nililikumbuka wakati huo huo.

"Basi amezivua," alisema.

Jioni ile Mama hakuweka ndara nje, alikuwa amelala usingizi mzito. Nilizitoa mimi. Nilizifuta vumbi, nikazipanga mlangoni vidole vikiangalia ndani, na nikamwambia ndugu yangu, kwa sauti ya kawaida tu, avae hizo kwanza.