Jungu la Pilau Lisilomchoma Dada Yangu

Ieleweke tangu mwanzo kwamba anayewajibika ni dada yangu mkubwa, mkazi wa Kulesa, wala si daktari, wala si mpishi wa harusi, wala si mimi niliyetumikia ofisi za serikali hapa Garsen hadi kustaafu bila barua hata moja ya karipio.

Ukoo wetu uliamini miaka yote kwamba dada, akiwa mwari, alimwagikiwa na jungu la pilau harusini akababuka kifua na mikono. Mpishi wa jungu lile, ambaye hadi leo anatupikia, hakumbuki kumwaga chochote. Lakini nani amsikilize mtu aliyekuwa ndani ya moshi? Kwa hiyo harusini kwetu hakuna sahani itokayo jikoni kabla ya ile ya dada, yenye ukoko na mfupa wa uboho, ikiletwa na mpishi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Chumvi imezidi kidogo," dada husema.

"Niwie radhi, bibi," hujibu mpishi, na radhi hiyo ni ya sahani na ya jungu kwa pamoja.

Mwaka huu binti yangu alianza kuanguka kifafa. Nilimpeleka kliniki pamoja na dada, kwani kwetu shangazi ndiye aketiye na binti mbele ya daktari. Daktari akauliza kama kuna jamaa aliyewahi kubabuka ngozi kwa dawa za kifafa. Wapo watu, alieleza, waliorithi alama fulani mwilini. Dawa inayowafaa wenzao huweza kuufanya ulinzi wa mwili wao uishambulie ngozi yao wenyewe. Kipimo hakikuwapo pale, na hata kingekuwapo kisingesema yote. Ndiyo maana aliwauliza jamaa.

"Hakuna," nilijibu rasmi. "Ukoo wetu haujui hata kifafa chenyewe."

Dada alikuwa akichunguza dari.

Wiki ya pili ya vidonge, binti akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, vipele vikamjaa kifuani. Nikampigia dada simu.

"Joto la Garsen hilo, mdogo wangu. Mpake dalia, ngozi itapoa."

Hata hivyo asubuhi alifika mwenyewe. Alimfunua binti kinywa, akaona vidonda, akavikusanya vidonge vyote.

"Asimeze tena hata kimoja! Mpelekeni hospitali sasa hivi. Ndivyo kulivyoanza kwangu."

"Kwako wapi? Wewe ulichomwa na pilau."

"Pilau gani? Pilau lilinikuta nimeshababuka!"

Njiani nilipata maelezo kamili. Alikuwa akimeza vidonge vya kifafa kwa siri, maana posa ilikuwa njiani. Ngozi ilipobabuka, marehemu mama akatafuta ajali yenye heshima.

"Na mpishi?"

"Mpishi alikuwa karibu."

Dawa ikasimamishwa, binti akalazwa, na namshukuru Mungu ngozi yake imebaki mwilini. Daktari akanitazama. "Mzee, si ulisema ukoo ni safi?"

"Nilipewa taarifa za uongo na mamlaka husika," nikasema, nikimwonyesha mamlaka hiyo, iliyokuwa imejifunika kanga hadi puani.

Sasa binti anahitaji dawa nyingine, na daktari anataka kusikia kwa dada mwenyewe alimeza nini na kilimfanya nini, asije akampa inayofanana nayo. Dada amekataa kurudi kliniki.

"Nikisema huko, kesho Kulesa nzima inajua. Nitamtazamaje mpishi? Na ile sahani je?"

Kwa hiyo ninadai rasmi, mbele ya ukoo wote, kwamba dada afike kliniki siku ya miadi ya binti na aseme yote bila kuchunguza dari. Kwamba awaambie wanawe na wajukuu wake, maana damu ni hiyo hiyo. Na kwamba katika harusi ijayo asimame mbele ya jungu na kumtakasa mpishi kwa kinywa chake. Hadi atakapotekeleza hayo, sahani ya kwanza ipewe mpishi, dada akimletea kwa mikono miwili na kumuuliza kama chumvi imetosha.