Komoni ya Mwenzangu wa Njombe

Mwekezaji alipochukua lile shamba la mkonge kule bondeni, ukitoka Same kuelekea Makanya, alianza na sisi wanawake wa chumba cha brashi, tuliokuwa tukisafisha nyuzi za mkonge. Tuliitwa asubuhi, tukaambiwa asanteni, mashine mpya inakuja. Mashine yenyewe sikuiona hata siku moja, lakini sisi tulitoka kweli.

Miaka ya nyuma tulipanga foleni ya sabuni na hela tunazo mkononi. Sasa maduka ya Same yamejaa sabuni za kila rangi, kila kitu ruksa, na sisi tunapita tukizinusa tu. Mtu akiniambia nchi ilifunguliwa, huwa namuuliza ilifungukia upande gani.

Basi watatu kati yetu tukasema tupike pombe, tuwauzie madereva wa malori. Mwenzetu mmoja wa Tabora alikuwa na pipa na kibanda kando ya barabara. Yeye angeuza, na pipa likiwa moja, alihitaji mpishi mmoja tu. Mwingine angefungasha virago aondoke. Mimi kwetu ni milimani, ningeweza kupanda nikawasumbue kaka zangu. Mwenzangu wa Njombe hakuwa na pa kwenda. Alikuja shambani na mume, mume akaenda Mererani kutafuta mawe ya thamani, akapotelea hukohuko, akamwachia watoto watatu. Yule asipopata ile kazi, amekwisha. Sote tulijua.

Tukakubaliana kila mtu alete pombe ya kwao, tuonje, tuamue. Tulimwita nyapara wetu wa zamani, mzee aliyepunguzwa kama sisi, ambaye alikuwa amekunywa pombe za makabila yote yaliyowahi kupita pale kwenye kambi ya vibarua. Tukakaa nje ya kibanda. Vuli ilikuwa imekosa, masika nayo imekosa, na bonde zima lilikuwa vumbi.

Dengelua yangu, pombe ya miwa ya kwetu, ilitangulia. Miwa niliifuata juu milimani, ambako mifereji bado ilikuwa na maji. Kama desturi, nikapiga funda la kwanza mwenyewe ili waone sikutia kitu, ndipo nikampa mzee kata. Akanywa, akasema ni nzuri ila changa, ningeiacha siku moja zaidi. Nilinuna. Nani anamfundisha Mpare habari za dengelua? Lakini alisema kweli, mzee yule.

Kisha komoni, pombe ya kwao ya mahindi na ulezi. Mwenzangu wa Njombe alipiga funda lake, akapitisha kata. Jamani, ile pombe! Nzito, kimea cha ulezi unakisikia kwa nyuma, na uchachu umekaa panapotakiwa. Mzee alikunywa akafumba macho. Mwenye pipa alicheka peke yake. Nami, roho ikiniuma, nikasema hii ndiyo pombe. Mwenzangu akatabasamu. Tangu tufukuzwe sikuwa nimeyaona meno yake.

Mzee akaweka kata chini, akamuuliza taratibu, "Mama, mahindi umeyatoa wapi?"

Mahindi hakuwa nayo mtu. Tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada, nao ukija. Akajibu kwamba yalikuwa yake, aliyokuwa ameyaweka. Mzee akauliza wiki ijayo atapata wapi mengine. Akaangalia vidole vya miguu yake. Nadhani aliamini kwamba tukishaonja, njia itapatikana. Njia gani? Miwa ilikuwepo, mahindi hayakuwepo. Mwenye pipa akasema, bila kumtazama, basi tuchukue dengelua.

Nikapata kazi kwa pombe iliyoshindwa. Nilifurahi, nisidanganye, na ile furaha nikaionea aibu. Kazi yenyewe haikufika mbali. Kabla mvua hazijarudi, kreti za bia za chupa zilikuwa zimepangwa kila kibanda cha barabarani, na dereva gani tena angeomba kata ya dengelua?

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule tuliimaliza komoni, kwa sababu haikai, na mwenyewe alisisitiza tuimalize. Tulipoinuka, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna anayeyataka machicha ya komoni yaliyobaki kwenye kapu la kuchujia. Yale sisi huwa tunawamwagia kuku. Nikamwambia achukue tu, nikamuuliza ana kuku wangapi. Akainama kulishika kapu.

Nilimsaidia kubeba hadi chumbani kwake kambini. Akayatia sufuriani na chumvi, akayapasha kidogo, akawapakulia watoto. Walikula kwa pupa. Yule mdogo hakumaliza. Kichwa kilimlemea, akaniegemea begani, pumzi yake yote inanuka pombe, akalala. Nilitaka kumwamsha ale, mama yake akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Leo hatalia."