Volkano ya Mwalimu Kato

Pilipili kavu ikidondokea makaa, harufu yake haianzii puani, inaanzia kooni. Juzi jirani yangu aliangusha kiganja kizima kwenye sigiri, ua zima likakohoa, nami nikajikuta natabasamu peke yangu. Nilimkumbuka Mwalimu Kato. Msinihukumu kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama aliuza pilipili na dagaa pale Misiera, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nami nilikaa Mbarara, Kakiika, kwa mama mdogo aliyewafulia nguo wake za askari. Ndivyo nilivyopata nafasi katika shule ya karibu na kambi ya jeshi. Darasani Mkongo nilikuwa mimi tu, na wenzangu hawakuniacha nisahau.

Muhula ule tulisoma volkano. Mwalimu Kato, mtu mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata ingekata mkate, alieleza kwa Kiingereza kisha akarudia kwa Kiswahili cha kambini. Akaandika faida: udongo wenye rutuba, chemchemi za moto, watalii. Kisha akauliza madhara kwa watu. Wenzangu wakataja nyumba kuungua na mazao kuharibika. Nikanyoosha mkono.

"Mazuku," nikasema.

"Hiyo ni nini?"

"Ni hewa mubaya, Mwalimu. Inatokaka mu udongo, inakalaka fasi ya chini. Iliua mudogo yangu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, tena kwa meno yote. "Wewe, wacha hiyo uchawi huko Nakivale. Hewa inaua mtu namna gani?"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mazuku.

Mdogo wangu aliitwa Safari, na alikuwa na miaka minne. Tuliishi karibu na Goma wakati huo. Mbuzi wetu alikata kamba akateremka kwenye shimo nyuma ya nyumba, akalala. Safari akamfuata, akainama kumshika, naye akalala. Hapakuwa na moto wala moshi wala sauti yoyote. Majirani wakakusanyika ukingoni wakimwita jina, na hapo hapo ukingoni wakabaki.

Kwa hiyo niliapa. Mwalimu Kato angelia machozi mbele za watu, na angejua hewa inafanya nini.

Nafasi ikaja siku ya wazazi. Tulifinyanga mlima kwa udongo wa kichuguu, tukauweka darasani juu ya meza yenye tundu. Meza ikafunikwa blanketi la jeshi mpaka chini, na mtoto mmoja alitakiwa kukaa humo chini na kopo la makaa, atie majani mabichi ili moshi utokee kileleni. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Nikajitolea.

"Sasa wewe iko mtoto mzuri," Mwalimu akanisifu, mara ya kwanza.

Mtoto mzuri alikuwa na mfuko wa pilipili za mama yake ndani ya sketi. Nilisubiri afisa mgeni akae mbele. Mwalimu alipotangaza, "Sasa mlima inakasirika!" nikamwaga mfuko wote.

Jamani, raha niliyoisikia! Chafya, viti vikianguka, wake za askari wakigombania mlango, sauti ya Mwalimu ikikatika katikati ya neno. Nilicheka. Kisha moshi ukanijia mimi, maana blanketi lilikuwa zito, na hilo sikuwa nimelifikiria. Nikatafuta upindo wake nisiuone. Nami nikalala.

Mkono ukanishika kifundo cha mguu. Mwalimu Kato alikuwa ametambaa kwa tumbo, na suruali yake ile ile, macho ameyafumba, akanikokota hadi nje kwenye nyasi. Wengine wote walikuwa wamesimama uani wakiutazama mlango.

Jumatatu aliniita mbele ya darasa, fimbo mkononi.

"Huyo mdogo yako," akauliza, "nani alienda kumtoa?"

"Hakuna, Mwalimu. Batu baliogopa."

Aliiweka fimbo mezani. Kisha akaandika mazuku ubaoni, juu kabisa ya orodha ya madhara, akaniambia niwaeleze wenzangu. Nilieleza. Halafu akanichapa fimbo sita kwa ajili ya pilipili, na hakunionea huruma hata kidogo.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshinda. Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha volkano, na nikifika kwenye madhara kwa watu huandika mazuku juu kabisa. Hasira yangu ile haikuwa juu ya Mwalimu Kato. Ilikuwa juu ya wale waliosimama ukingoni, na mmoja wao alikuwa mimi, mtoto wa miaka saba, nimeshika kipande cha kamba ya mbuzi. Nilimtafutia adui yangu aibu, naye akaingia chini kunitoa, jambo ambalo mimi sikumfanyia Safari. Hilo ndilo sijamsamehe mpaka leo.