Niliambiwa Nitoke Nje, Nikakataa

Makosa ni yangu. Si ya shule, si ya marafiki, si ya shetani. Ni yangu mimi, na jina langu msiulize.

Shule niliacha darasa la tatu. Chai nimepanda mwenyewe hapa Gesima, nyumba ya mawe nimejenga mwenyewe. Nani angeniambia kitu?

Mwaka jana kitinda mimba wangu, msichana wa miaka kumi na sita, alianza kutapika kila asubuhi. Nikampeleka dispensari nikiogopa ni mimba. Sista akampima, akasema si mimba. Nikashukuru Mungu! Kisha akanigeukia.

"Mzee, tusaidie ukae hapo nje kidogo. Dakika kumi tu niongee na yeye."

"Maneno gani hayo ya mtoto wangu nisiyasikie? Wewe umezaliwa juzi!"

Watu wa foleni wakacheka. Nami nikajiona mwanaume! Nikabaki kwa kiti, fimbo katikati ya magoti.

Sista akamuuliza hivyo hivyo, pole pole: "Kuna kitu unakunywa, mami? Ama unavuta?"

Mtoto aliangalia viatu vyangu. "Hapana."

"Umesikia?" nikamwambia sista. "Huyu anaimba kwaya kila Sabato."

Akaandika kadi. "Wiki ijayo aje peke yake, baba." Kadi niliikunja nikatia ndani ya koti. Hakurudi.

Miezi miwili baadaye, saa sita mchana, jua kali, nikamkuta jikoni akipapasa ukuta. Kando yake chupa ya soda, na ndani si soda. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na sijui waliopika walichanganya nini.

"Tata, baba yangu," akaniita, "mbona mmefunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi! Woi, ulikuwa wazi kabisa!

Macho hayakurudi. Sasa namshika mkono mpaka chooni. Siku moja tukiwa njiani akaniambia, bila hasira: "Kwa sista nilikuwa nimejipanga kusema. Nilikuwa nangoja tu uinuke."

Heri angenitukana!

Wiki hii msichana wa jirani ameanza kutapika asubuhi. Babake anasema ni malaria. Nilimwonyesha ile kadi yangu iliyokunjika, nikamwambia ampeleke kwa sista, na yeye mwenyewe akae nje. Akacheka. Alijiona mwanaume, vile vile nilivyojiona mimi siku ile.

Wewe unayesoma, usicheke. Ukiambiwa utoke, inuka.