Maji Waliyoyapenda Ng'ombe

Nilipanda mlima kwa hasira, nawaambieni wazi. Si kwa matembezi. Mtu wa umri wangu, mwenye nyumba ya bati aliyoijenga kwa matofali ya mikono yake, hana haja ya kwenda kutazama mawe. Ila kijana mmoja mpimaji, tuliyemwita Bwana Maji, alisimama kwenye mkutano wa kijiji chetu kipya akasema mtaro wangu umepinda.

Mtaro wangu! Tulipohamishiwa huku chini pakavu, wanawake wakawa wanatoka na vibuyu alfajiri na kurudi jua la utosi, nani alisimama? Mimi. Nilisema juu ya mlima ule liko ziwa halikauki, nimechunga kule ng'ombe za watu ujanani, maji yake matamu, naapa. Kijiji kikaniamini. Kiangazi kizima tumechimba mtaro wa bomba kutoka hapa mpaka chini ya mlima, na hakuna aliyenizidi hata hatua moja. Sasa kijana mwenye soksi ndefu ananiambia nini?

"Mzee Mkumbo, ramani haisemi hivyo."

"Hiyo ramani yako imeshapanda mlima?"

Watu wakacheka. Nikamwambia twende wote nikamwonyeshe mahali pa kufunga bomba. Akajibu alishapima. Basi nikasema nitakwenda peke yangu, nipigilie vigingi kwa mkono wangu, tuone nani kapinda.

Mke wangu, Mama Shila, alinifungia viazi vya kuchemsha na vibuyu viwili. "Uje na maji tuonje," akasema. "Tumechimba miezi, hata tone hatujaliona." Mwanamke huyu haamini jua mpaka limuunguze.

Alfajiri niliondoka. Jua lilipochomoza nikawa napita kwenye mahame yetu. Minyaa bado imezunguka boma langu la zamani, kuta zimesimama bila kichwa, maana mabati niliyaezua mwenyewe nikayabeba, sikumwachia mtu. Ndani mmeota mtama, haukupandwa na yeyote. Nilipita haraka. Nilikuwa na hasira ya kutosha, sikutaka kuongeza.

Saa nne nilifika mlimani. Njia ya ng'ombe bado ipo, ila zamani nilikuwa naipanda nikipiga mluzi. Safari hii magoti yalilia. Nilikaa mara tatu juu ya mawe nikimtukana Bwana Maji kwa sauti, na kila nikimtukana napata nguvu ya kusimama. Kibuyu kimoja kiliisha kabla ya nusu ya njia, cha pili kikaisha kwenye mwinuko wa mwisho, upepo ukawa wa baridi kama wa alfajiri.

Saa nane nikatokea juu. Ziwa lile pale! Limelala ndani ya mlima kama uji ndani ya bakuli, ndege heroe wamesimama kwa miguu yao myembamba, na ukingo mweupe kana kwamba umemwagiwa unga. Weupe ule niliuona. Sikujiuliza. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Kiu ilinibana, lakini mgeni hagusi maji ya watu kabla ya kubisha hodi. Palikuwa na nyumba moja, na bikizee akichambua mboga mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepandishwa na nini?"

"Maji."

Alinipa kata, nikanywa yote, matamu na baridi. Nikamsifia ziwa lake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi.

"Hayo ya ziwani? Uliyokunywa nimeteka chemchemini, kule bondeni, kushoto. La hapa ni la ng'ombe. Magadi matupu. Mimi nachota ya kuivishia kunde tu."

Nikashuka mbio mpaka ukingoni. Nikateka kiganja, nikanywa, nikatema.

"Kuna kijana mpimaji naye alikuja," akasema yule bikizee nyuma yangu. "Alisimama kule juu na chombo chake cha miguu mitatu, akanywa chai ya chupa yake, akaondoka. Hata hodi hakupiga."

Nilimtukana Bwana Maji mpaka nikakosa maneno. Maneno yalipoisha nikabaki na mimi. Ujanani ng'ombe walikuwa wakiliona ziwa lile wananikimbia, wanakunywa mpaka matumbo yanavimba. Mimi nilikuwa nakunywa maziwa. Niliapa kwa ulimi wa ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayependa magadi kuliko kitu chochote!

Nililala kwa mama yule. Asubuhi akanionyesha chemchemi. Maji yanatoka kwenye jiwe, mengi, lakini mbali na mtaro wetu. Nikajaza kibuyu kimoja huko, kingine ziwani, vigingi nikavipigilia chemchemini.

Jioni nilifika kijijini nikawakuta watu mkutanoni. Nikammiminia Bwana Maji kata ya ziwani. "Kunywa ramani yako." Akatema mbele ya Mwenyekiti, soksi zikalowa. Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kifua.

Mama Shila akainuka. "Na wewe je, Baba Shila? Nani aliapa ni matamu?"

Watu wote wakanigeukia. Mikono yote pale ina malengelenge ya mtaro wangu. Ningeweza kusema mengi, mimi si mtu wa kukosa la kusema. Nikajaza kata mpaka juu, nikanywa yote mbele yao bila kukunja uso. Tumbo lilinikata siku mbili.

Kisha nikampa Mama Shila ya kibuyu cha pili, ya chemchemini. Akaonja. Akameza. Akampa jirani yake.

"Haya," akasema, "mtaro huu mwingine unaanzia wapi?"

Nilichojifunza ni hiki: ng'ombe haulizwi habari ya maji ya watu, wala ramani. Kesho yake nilikuwa wa kwanza mtaroni. Huo nao umepinda. Mwenye neno aje, lakini aje na kibuyu.